Gari Lishuke, Mgongo Usalimike

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni ya Barabara ya Bagamoyo ikiwa ndiyo kwanza inaanza kukaza, hazipiti dakika tano bila Toyota Mark X kuonekana. Nyeusi, nyeupe, ya rangi ya fedha. Moja imekaa juu kama ilivyotoka Japani, na kati ya tairi na bodi vinapita vidole vinne bila kugusa kitu. Nyingine imelala, tairi limejificha kidogo ndani ya bodi, na hata asiyependa magari anageuza shingo. Kisha njia inafika kwenye tuta. Ile ya kwanza inapanda na kushuka bila neno. Ya pili inasimama kabisa, inakaa upande, inapandisha tairi moja baada ya jingine kama mbuzi anayevuka mtaro, na nyuma yake honi zinaanza.

Ipo ya tatu, na hiyo ndiyo inayohusika hapa. Imeshuka, lakini anayeligundua hilo ni mtu anayeyajua magari. Inapita tuta lilelile ikipunguza mwendo kama gari lolote, haikwaruzi, na mama aliyekaa nyuma na mtoto mapajani haulizi kwa nini mwanawe ameharibu gari. Kati ya gari la pili na la tatu mara nyingi tofauti ni sentimita mbili tu, pamoja na uamuzi uliofanywa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Wengi wanashusha gari kwa ajili ya macho, na hakuna haja ya kuwaficha nyuma ya maneno makubwa ya uthabiti barabarani. Mark X ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2009, na ya kizazi cha pili iliyoendelea hadi 2019, zote ekseli zake zimeachana milimita 2,850. Ni gari refu, na gari refu likikaa juu linafanana na mtu mzima aliyevaa suruali iliyomfupia. Kulishusha kidogo kunaliweka sawa. Faida ya barabarani ipo pia: uzito ukishuka na springi zikikaza kidogo, gari haliinami sana kwenye kona na halitikisiki hovyo likipitwa na basi. Faida hiyo ina mpaka wake, na mpaka wenyewe uko karibu kuliko vijana wengi wanavyodhani.

Neno ambalo muuza springi hulitaja mara chache ni nafasi. Shokapu ina shina linaloingia na kutoka ndani ya bomba lake. Gari likiwa limesimama chini, shina limeingia kiasi tu. Sehemu iliyobaki nje, kabla bomba halijakutana na mpira wa kizuizi, kile kipande cha mpira wa povu kinachovaa shina kwa juu, ndiyo akiba ya starehe. Tairi likikanyaga tuta, akiba hiyo ndiyo inayotumika. Ikiisha, bomba linagonga mpira, mpira unabanwa, na abiria wanasikia dunda ambalo kila mmoja anasema ni "ugumu wa springi." Si springi. Ni akiba iliyoisha.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha. Tuchukue kona moja ya gari la mfano, ambayo ikipimwa kwenye tairi huhitaji newtoni 20 ili ishuke milimita moja, na ambayo akiba yake ni milimita 80. Kabla ya kugusa mpira, springi ya kona hiyo inaweza kumeza pigo la jouli 64. Sasa ifungwe springi fupi inayoshusha gari milimita 20 na iliyo ngumu zaidi kwa asilimia 30. Akiba imebaki milimita 60, na uwezo wa kumeza pigo umebaki jouli 47 hivi, karibu robo tatu ya ule wa mwanzo. Gari likishushwa milimita 30 kwa ugumu huohuo, uwezo unabaki nusu. Likishushwa 40, inabaki theluthi moja. Hesabu hii imeiacha kando kazi ya shokapu na ya mpira wenyewe, lakini mwelekeo wake ndio uleule unaosikika kiunoni.

Wapo wanaodhani dawa ni kukaza springi zaidi. Ili kona iliyoshushwa milimita 30 irudishe uwezo wake wote, springi ingebidi iwe ngumu zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kiwandani. Hilo ni gari la mashindano, si la kupeleka watoto shule.

Lakini ugumu wenyewe, ukiwa wa kiasi, hauogopeshi kama jina lake. Kila gari hupanda na kushuka kwa mapigo yake. Magari ya starehe mara nyingi hukaa kati ya pigo moja na pigo moja na nusu kwa sekunde. Kona yetu ya mfano, ikibeba kilo 350, inapiga mara 1.2. Springi ikikazwa kwa asilimia 30, mapigo yanapanda hadi 1.37 tu, kwa sababu mapigo hayafuati ugumu moja kwa moja. Yanafuata kipeuo chake cha pili. Ni tofauti ambayo dereva ataihisi siku ya kwanza na kuisahau wiki ya pili. Springi ikiwa ngumu maradufu, mapigo yanafika 1.7, na hapo hata anayeendesha mwenyewe ataanza kukwepa vifuniko vya mitaro.

Kwa hiyo mtu anayetaka gari la kila siku liwe chini na liwe laini anatafuta springi inayoshusha kidogo na kukaza kidogo. Springi inayoshusha sana huku ikibaki laini ndiyo mbaya kuliko zote, ingawa dukani, ikibonyezwa kwa mkono wa kufikirika wa muuzaji, ndiyo inayosifiwa. Inaonekana laini mpaka tuta la kwanza. Baada ya hapo gari linaishi juu ya vipande vinne vya mpira.

Kiasi gani basi? Jibu linapatikana kwenye gari lenyewe kabla ya kununua chochote, kwa kitu cha bei ya soda: ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya inayouzwa maduka ya umeme. Fundi anainua mpira wa kuzuia vumbi kwenye shokapu, anazungusha kamba kwenye shina, anaikaza kiasi cha kusogea lakini isianguke, kisha anaishusha mpaka ikae juu ya bomba. Gari likiwa chini kwa uzito wake, anapima kutoka juu ya bomba hadi chini ya mpira wa kizuizi na kuandika namba hiyo kwa kalamu kwenye kiganja, kama mafundi wengi wanavyopenda. Kisha mwenye gari anaendesha siku mbili tatu njia zake za kawaida, kwa mwendo wake wa kawaida, na lazima siku moja awe amebeba mzigo wake wa kawaida. Tairi likipanda, bomba linaisukuma kamba juu. Likirudi, kamba inabaki pale pale ilipofikishwa. Inasema bila upendeleo akiba imetumika kiasi gani.

Kamba ikikutwa imebaki milimita 25 chini ya mpira, gari hilo linavumilia kushushwa sentimita mbili mpaka mbili na nusu bila kubadilika tabia, kwani springi mpya iliyokaza kidogo itarudisha sehemu ya nafasi iliyopotea. Kamba ikikutwa imeminywa kwenye mpira, gari linagonga tayari likiwa na springi za kiwandani. Hapo si pa kununua springi fupi. Pa kuanzia ni shokapu, au mwendo wa dereva.

Kipimo kingine cha kufanywa siku hiyohiyo ni urefu: kutoka katikati ya tairi kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, kona zote nne, gari likiwa mahali tambarare. Vidole havitoshi, kwa sababu vidole hupima pengo, na pengo hubadilika na saizi ya tairi. Gari lililotumika Japani miaka kumi kisha likatumika hapa mitano huenda springi zake zimechoka na kukaa chini sentimita nzima kuliko siku lilipotoka kiwandani, mara nyingi nyuma zaidi ya mbele au upande wa dereva zaidi ya abiria. Kiwango cha kushuka kilichoandikwa kwenye boksi la springi fupi kinahesabiwa kutoka gari jipya. Ndiyo maana mtu ananunua "milimita 30," anafungiwa, anapima, anaona zimeshuka 18, anarudi dukani kugombana. Springi hazina kosa; gari lake lilikuwa limeshatangulia.

Swali la mzigo huwatisha wengi, na hapa hesabu inaleta habari njema isiyotarajiwa. Gari linakwenda Morogoro kwenye harusi, watu watatu nyuma na masufuria kwenye buti. Tuseme kila kona ya nyuma imeongezewa kilo 75. Springi ya mfano ya kiwandani itashuka milimita 37. Ile fupi iliyokaza kwa asilimia 30 itashuka 28. Gari lililokuwa chini kwa milimita 20 likiwa tupu, likijaa watu linakuwa chini ya mwenzake kwa 11 tu. Ndiyo sababu springi fupi ya heshima haishtuki sana ikipakiwa, na ndiyo sababu ile laini inayoshusha sana hukwaruza kila rasta kati ya Kibaha na Chalinze.

Sokoni, majina ni mengi kuliko maarifa. Upande wa Japani wapo Tein wa Yokohama, walioanza mwaka 1985, na RS-R, na Tanabe; upande wa Ujerumani wapo Eibach wa Finnentrop, kampuni ya tangu 1951, na H&R wa Lennestadt. Karibu kila mmoja hutengeneza zaidi ya aina moja kwa gari hilohilo, na tofauti iko kwenye jina la pili ambalo wanunuzi hawalisomi. Eibach Pro-Kit hushusha kwa kiasi, Sportline hushusha zaidi. Tein H.Tech ni ya mtu mzima, S.Tech ni ya kijana. RS-R wana Half Down, Down na Super Down, na mpangilio wa majina unajieleza. Kwa gari la kila siku kwenye barabara zenye matuta, chaguo ni lile la mwanzo katika kila familia, na ukurasa huu hauoni haja ya kulibishania.

Rangi si ushahidi. Tein huwa za kijani na H&R huwa za buluu, jambo ambalo kila mwenye kopo la rangi analijua. Ushahidi ni namba iliyochapwa kwenye waya wa springi na karatasi inayoitaja namba hiyo pamoja na gari linalohusika. Hapa wenye Mark X wanakosea mno. GRX120 ni ya lita 2.5 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, GRX121 ni ya lita 3.0, na GRX125 inavuta magurudumu yote manne. Kizazi cha pili kina GRX130, GRX133 na GRX135 kwa mtindo huohuo. Kutazamwa barabarani zinafanana kama mapacha. Chini hazifanani, hasa zile za magurudumu manne, na uzito wa mbele unatofautiana. Duka likisema "hizi ni za Mark X, zinaingia zote," mteja aulize namba. Muuzaji akikasirika, jibu limepatikana.

Wasomaji wa Nairobi wenye Subaru wanaufahamu mtego huohuo kwa sura nyingine: springi za Impreza zinafungwa kwenye Forester kwa sababu mashimo yanakubali. Gari linashuka kweli, na kwa kuwa Forester ilijengwa iwe juu na ni nzito kuliko ndugu yake, linashuka kuliko alivyokusudia mtu yeyote. Kukubali kwa mashimo si kukubali kwa gari.

Kwenye karatasi ya springi za Kijapani, ugumu huandikwa kwa kilo kwa milimita. Kilo moja kwa milimita ni karibu newtoni 9.8 kwa milimita, au ratili 56 kwa inchi kwa wanaosoma karatasi za Kimarekani. Namba hiyo ilinganishwe na ya kiwandani kwa gari lilelile, isilinganishwe na ya gari la jirani. Kwenye Mark X springi imekaa ndani kuliko tairi, juu ya mkono unaofanya kazi kama mtaimbo, kwa hiyo springi inayosomeka kilo 4 inaweza kuwa kilo 2 ikifika kwenye tairi. Kwenye gari ambalo springi imezunguka shokapu iliyosimama karibu na tairi, namba mbili hizo zinakaribiana. Vijana wawili wanaweza kubishana usiku kucha nani ana springi ngumu, wote wakiwa na namba sahihi na wote wakiwa wamekosea.

Karatasi hiyohiyo itasema kama springi ni ya ugumu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, au ni ile inayokaza kadiri inavyobanwa. Hii ya pili hutambulika kwa macho, maana mizunguko yake imesongamana upande mmoja na kuachana upande wa pili. Kwa starehe ya mjini inayokaza polepole ina sifa nzuri: mwanzo wake ni laini kwa vikokoto na viraka vya lami, mwisho wake unasimama kabla ya mpira. Lakini baadhi ya ile mizunguko iliyosongamana huwa imelala kabisa uzito wa gari ukikaa, na kazi yake imebaki kuishikilia springi isilegee gari likinyanyuliwa. Springi fupi isiyo na ulinzi huo hucheza tairi likining'inia, na ikirudi huenda isikae kitandani mwake. Ukaguzi wa magari wa Japani huliangalia hilo, kama unavyodai pia chini ya gari pabaki nafasi isiyopungua sentimita 9. Ujerumani nako springi huuzwa na hati ya kiufundi ya kuonyesha kwa wakaguzi. Springi yenye karatasi za aina hiyo imeshapimwa na mtu asiye muuzaji.

Sasa shokapu, na hapa ndipo bajeti nyingi hufa. Springi mpya iliyokaza inarudi juu kwa nguvu zaidi. Shokapu iliyochoka haiwezi kuizuia, na gari linadundadunda baada ya tuta kama mpira wa chandimu. Mwenye gari analaumu springi. Kusukuma bodi kwa mikono na kuhesabu linavyotikisika kunafichua shokapu iliyokufa kabisa, hakufichui iliyo nusu mfu. Mafuta yaliyotiririka kwenye bomba, tairi lenye mabonde kwa kupapasa, na sauti ya kokoto kwenye njia ya vumbi, hivyo vinasema zaidi. Kama fedha inatosha kimoja tu, zinunuliwe shokapu mpya na springi za kiwandani ziendelee. Gari litakuwa juu, na litakuwa zuri.

Kwa kushuka sentimita mbili mpaka tatu, shokapu nzuri ya urefu wa kawaida hutosha. Zaidi ya hapo inahitajika yenye shina fupi. Bilstein wanalitenganisha hili waziwazi: B6 ni ya gari lenye urefu wa kiwandani, B8 imefupishwa kwa ajili ya springi fupi, na seti yao ya B12 inaiunganisha B8 na springi za Eibach katika boksi moja. Seti iliyopangwa na watu wanaojua shokapu na springi kwa pamoja inamwondolea mnunuzi kubahatisha, ingawa bei yake humfanya aketi kwanza.

Mipira ya kizuizi ni ya bei ndogo na husahauliwa. Kwenye gari la umri wa miaka kumi na tano mara nyingi fundi akifungua shokapu anakuta ungaunga wa njano tu. Inunuliwe mipya. Baadhi ya seti za springi huelekeza mpira ukatwe kipande maalumu, na maelekezo yafuatwe kwa rula. Kuukata wote "ili gari lipate nafasi" ni kuondoa godoro na kuacha chuma kigongane na chuma.

Halafu kuna msumeno. Mtaani springi hukatwa mzunguko mmoja au mmoja na nusu kwa bei ya chakula cha mchana, na gari hushuka siku hiyohiyo. Springi hukaza kadiri mizunguko inavyopungua: yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ikikatwa mmoja, inakaza kwa asilimia 20 bila mtu kuipangia. Hilo peke yake lingevumilika. Kibaya ni ncha iliyokatwa ambayo haikai tena kwenye kitako chake, na urefu uliopungua kiasi kwamba springi inalegea gari likipaa kidogo kwenye shimo. Kuichoma kwa gesi mpaka ilale ni kubaya kuliko kukata, kwa sababu moto unaua ule ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani. Itaendelea kulala yenyewe, kona moja leo, nyingine baada ya masika.

Kabla ya springi, yatazamwe matairi. Mark X hukutwa sana na tairi za 215/60R16 au 225/45R18. Kipenyo cha nje cha hizo mbili karibu ni kilekile, lakini ukuta wa tairi la kwanza una milimita 129 na wa la pili 101. Anayehama kutoka rimu 16 kwenda 18 na siku hiyohiyo akashusha gari sentimita tatu ameondoa vitu viwili vya kumezea pigo kwa mkupuo, kisha atahangaika kujua ni kipi kinamuumiza. Afanye kimoja, aishi nacho mwezi, ndipo afikirie cha pili. Mwenye rimu 16 na springi za kushusha sentimita mbili ana gari zuri la kushangaza, japo hatapata picha nyingi za kurusha mtandaoni.

Ufungaji ni kazi ya nusu siku, na siri yake kubwa iko kwenye kufunga boliti. Bushi za mikono ya chini zimegandishwa mpira kwa chuma pande zote mbili, hazizunguki, zinajipinda. Fundi mwenye haraka hukaza boliti zote gari likiwa limening'inia kwenye jeki, mikono ikiwa imeshuka chini kabisa. Gari likitua, kila bushi inaanza maisha yake ikiwa imeshajipinda, na kwa gari lililoshushwa imejipinda zaidi. Baada ya miezi michache zinachanika, gari linaanza kugonga, na mafundi wanaambiana kwamba springi fupi "zinakula bushi." Njia sahihi ni kuziacha boliti zikiwa zimelegea, kulishusha gari likae kwa uzito wake, kulisukuma mbele na nyuma kidogo, ndipo kukaza, kwenye shimo la gereji au kwa kunyanyua mkono kwa jeki mpaka ufike urefu wa gari likiwa chini. Mteja anayesimama pale na kuuliza swali hilo moja atatazamwa kwa jicho la pembeni, na atafungiwa vizuri.

Kwenye magari ambayo shokapu ya mbele ndiyo inayosimamisha tairi, mtindo uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, kuna sababu nyingine ya kutovuka sentimita tatu. Mkono wa chini ukianza kuelekea juu kutoka ndani kwenda kwenye tairi, sehemu ambayo bodi inainamia hushuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka, na gari lililolazwa ili lisiiname kwenye kona linaanza kuinama zaidi. Kuchungulia chini kunatosha: mkono uwe umelala au umeshuka kidogo kuelekea kwenye tairi, usiwe umepanda.

Springi zibadilishwe zote nne, za seti moja. Miaka ya 1930 Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce akaenda General Motors, alionyesha kwamba safari hutulia mapigo ya nyuma yakiwa ya haraka kidogo kuliko ya mbele, kwa kuwa nyuma hukuta tuta baadaye na inahitaji kuiwahi mbele. Watengenezaji wa springi hupanga seti zao kwa kuzingatia hilo. Anayefunga fupi mbele peke yake, ili pua ilale, anauvuruga mpango huo, na abiria wanatikisika kama wako kwenye mtumbwi.

Alaimenti ifanywe mara mbili: siku ya kwanza ili matairi yasiliwe, na tena baada ya kilomita mia kadhaa, springi zikishakaa. Matairi ya gari lililoshushwa yakilika upande wa ndani, lawama hupewa kule kuinama kwa tairi. Mara nyingi mkosaji ni matairi kutazamana vibaya, jambo ambalo kwenye magari mengi hurekebishika kwa spana. Taa zenye kujipanga zenyewe kwa kipimo cha kwenye mkono wa nyuma huhitaji kupangwa upya, la sivyo zitamulika ama miguu ya gari ama macho ya wanaokuja. Na bima iambiwe, kwa maandishi.

Springi za zamani zisiachwe gereji. Zipanguswe, zipakwe mafuta kidogo kwa ajili ya unyevu wa pwani, zifungwe kwenye kiroba na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito mbele kushoto, mbele kulia, nyuma. Siku ya kuuza gari, mnunuzi wa kwanza atakayefika atakuwa mtu wa makamo mwenye njia mbovu ya kwenda kwake Goba, na baada ya kulizunguka gari mara mbili atauliza kama kiroba hicho kipo.